SOMO LA IJUMAA: Akitawala yule ambaye hatukumtaka

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote ni za Allah, rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba wake.

Mwislamu afanye nini utawala ukiingia mkononi mwa mtu ambaye yeye alimpinga? Kuna wanaokata tamaa na kusema inchi imekwisha. Kuna wanaokasirika hata wanaacha kusalimiana na jirani aliyepiga kura nyingine. Tena kuna wanaogeuka kwa siku moja na kuanza kusifu, juu ya kutafuta chakula. Njia zote tatu si nzuri.

1. TUANGALIE MASWAHABA. Mwaka wa 13 wa hijra (634), Abu Bakr (r.a.) alikuwa mgonjwa, akamchagua Umar (r.a.) ashike nafasi yake. Kuna waliomwendea kulalamika, kwa sababu waliogopa ukali wa Umar. Abu Bakr akawajibu kwamba Umar alikuwa mkali kwa kuwa alimwona yeye mpole. Akibebeshwa kazi mwenyewe, atauacha mwingi wa ukali ule. Umar akatawala miaka 10. Katika njaa ya mwaka wa Ramada alijinyima samli mpaka watu wapate kula. Hatumfananishi raisi yeyote wa leo na Umar. Tunajifunza tu kwamba amana inaweza kumbadili mtu, basi tungoje matendo yake.

2. TUANGALIE INCHI YETU. Tarehe 24/1/2019 Félix Tshisekedi aliapishwa. Hapa Maniema wengi walimtaka Emmanuel Ramazani Shadary, mwana wa jimbo. Wengine walimtaka Martin Fayulu, ambaye alipinga matokeo mbele ya Korti ya Katiba, ikamkatalia. Mioyo ilikuwa mizito.

Lakini mwezi wa 9 mwaka ule, masomo ya shule za msingi za serikali yalianza kutolewa bure, pamoja na shule zinazosimamiwa na dini, na za Kiislamu ndani yake. Jambo hilo liliandikwa katika Katiba ya 2006, kifungu cha 43, nalo lililala miaka 13. Mtoto wa aliyemkataa raisi aliketi benchi moja na mtoto wa aliyemchagua. Ile ni kheri, na kheri haikataliwi juu ya mkono ulioileta.

Tuseme pia ukweli mwingine. Vyumba vya masomo vilijaa kupita kiasi, na walimu wengi walifundisha bila mshahara wa serikali. Vita ya mashariki haikuisha. Mwaka 2025 Goma na Bukavu ziliingia mikononi mwa M23. Kwa hiyo tumaini letu liwe na macho.

3. TUFANYE NINI?

a) Tumwombee kiongozi awe mwadilifu, hata kama hatukumpa kura. Dua si kampeni.

b) Tusimpime kwa kabila wala luga yake. Tumpime kwa barabara, shule, mshahara wa askari na wa mwalimu, na usalama wa raia.

c) Akifanya vizuri tumsaidie, akipotea tumwambie bila matusi. Abu Bakr mwenyewe, siku aliposhika utawala, aliwaomba watu hivyo.

d) Turudishe salamu. Kama kura ilikutenga na ndugu yako, umtafute leo kabla ya Alasiri. Mandati ya raisi inaisha, lakini yule jirani ndiye atakayekubebea jeneza.

Ee Allah, wape viongozi wetu woga wako na huruma kwa raia. Rudisha amani katika inchi yetu, na wakimbizi warudi manyumbani mwao. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

(Usitupe karatasi hii chini, ina jina la Allah. Ukimaliza kusoma, umpe mwingine.)