Makovu ya ndani baada ya upasuaji: yazuie mapema

Je, umeambiwa na daktari kwamba unahitaji kupasuliwa ili kuondolewa uvimbe wa kizazi uitwao fibroidi? Basi usiwaze kuhusu kovu la nje peke yake. Kuna kovu la ndani ambalo huwezi kuliona, nalo laweza kukuletea shida kubwa zaidi.

Viungo vya tumboni vimefunikwa na utando laini wenye utelezi, ili visikwaruzane. Utando huo ukikatwa, ukikauka au ukigandiwa na damu, mwili huanza kuurekebisha. Katika siku chache za kwanza, nyuzi za kunata hutokea. Zisipoyeyuka, huwa kovu gumu linaloshikanisha viungo visivyostahili kushikana: kizazi na utumbo, kwa mfano.

Zaidi ya nusu ya wanawake wanaofanyiwa upasuaji mkubwa wa kizazi hupata makovu haya. Wengi hawasikii lolote. Lakini wengine huumwa na tumbo mara kwa mara, hushindwa kushika mimba kwa sababu mirija ya uzazi imeziba, au utumbo wao hujifunga miaka mingi baadaye.

Kinga hufanyika katika chumba cha upasuaji, wala si nyumbani. Kukanda tumbo hakuzuii makovu, na kukanda kidonda kibichi ni hatari. Kwa hivyo, kabla ya kutia sahihi fomu ya kukubali upasuaji, muulize daktari:

1. Je, ni lazima nipasuliwe? Uvimbe mdogo usio na dalili mara nyingi huhitaji kuchunguzwa tu.

2. Je, naweza kupasuliwa kwa matundu madogo, kwa kutumia kamera? Njia hii huumiza viungo kidogo zaidi.

3. Je, glavu zitakazotumiwa zina unga? Unga huo huchochea makovu. Marekani ilipiga marufuku glavu hizo mwaka wa 2017.

4. Je, kuna utando maalumu wa kutenganisha viungo? Huyeyuka wenyewe na hupunguza makovu, ingawa ni ghali na haijathibitishwa kwamba huongeza nafasi ya kupata mimba.

Mweleze pia kama ungali unataka kuzaa, na kama uliwahi kupasuliwa.

Baada ya upasuaji, hata miaka ikipita, ukitapika mfululizo, tumbo likifura na ukashindwa kutoa choo au hewa, usinywe dawa ya kuharisha. Nenda hospitalini siku hiyo hiyo, na useme kwamba uliwahi kupasuliwa.