Vigae vya Aina Tatu Kwenye Ukuta Mmoja

Ukifungua kamusi utaona kwamba kigae ni kipande cha chungu kilichovunjika, na pia ni kile kipande bapa cha kuezekea nyumba au kubandika ukutani. Hapa Kakamega tumezoea kusema "taili" tu, ilhali neno letu lipo, tena tamu! Na kuchanganya vigae si mambo ya juzi. Kule Gedi, kibla cha msikiti mkuu kilipambwa kwa bakuli za kaure kutoka Uchina, na kaburi la mnara la Mambrui, karibu na Malindi, lilitiwa bakuli kama hizo.

Somo langu lakini ni la jikoni, kwenye ukuta ulio nyuma ya jiko na sinki. Mama hupika maandazi na chapati za kuuza, na ukuta wetu ulikuwa mweusi kwa masizi na mafuta. Pesa za kununua vigae vipya vya aina moja hazikuwepo. Mjomba, ambaye ni fundi, akakusanya mabaki: vigae vyeupe 15 vya sentimita 20 kwa 30, vya kaure vinne vya 30 kwa 30, na karatasi mbili za vioo vidogo vidogo vilivyoshikanishwa kwa wavu, nazo 30 kwa 30. Ukuta ulikuwa sentimita 240 kwa 60. Piga hesabu, msomaji, utaona vinatosha barabara. Cha akiba hakuna hata kimoja! Kikivunjika, pengo linabaki, maana dukani aina hiyo haipo tena.

Kwa hivyo tulivipanga kwanza sakafuni, bila saruji. Vya kaure vikapewa nafasi ya nyuma ya jiko kwa sababu moto hauvisumbui. Vioo tuliviweka mbali na moto, maana kioo huweza kupasuka kwa joto. Tulivikata wavu kwa kisu tukapata mkanda wa sentimita 10, na vyeupe vikakaa safu moja juu yake vikiwa vimelala, na nyingine chini vikiwa vimesimama.

Sasa hapa ndipo penye kazi. Cheupe kilikuwa na unene wa milimita 7, kaure 9, na kioo 4. Ukivibandika hivi hivi, ukuta unakuwa na ngazi, na mafuta yanakaa kwenye kingo. "Mpwa wangu, uso ndio ulingane, si mgongo," mjomba aliniambia. Basi akapima kwa kile kinene zaidi. Mahali pa vioo akapaka gundi ya vigae, akaisawazisha, akaiacha ikauke usiku kucha, ndipo akabandika kesho yake. Gundi yenyewe iwe nyeupe, kwa sababu kioo huonyesha kilicho nyuma yake.

Jambo la pili ni maji. Dondosha tone mgongoni mwa kigae cheupe, utaona linanywewa mara moja. Kwenye kaure tone linakaa tu, likikutazama. Vyeupe tuliviloweka kwenye beseni kwanza, la sivyo vingefyonza maji ya saruji kabla haijashika. Kaure haishikwi vizuri na saruji tupu. Inataka gundi, ambayo ni ghali, na ndiyo maana tuliitumia pale tu ilipohitajika.

Kabla ya hayo yote ukuta ulioshwa kwa sabuni, ukadonolewa kwa nyundo na tindo ili upate mikwaruzo. Wengi huruka hatua hii, kisha wanalaumu saruji! Kila kigae kikishika, kigonge kwa sarafu. Kikilia kama debe tupu, kuna uwazi nyuma yake.

Siku iliyofuata tukajaza mianya kwa grauti na kupangusa kwa sponji yenye unyevu kidogo, si iliyolowa chepechepe. Ilikuwa Agosti, mvua kila alasiri, na vitu havikauki upesi. Mjomba akakataa jiko liwashwe karibu na ukuta ule kwa siku tatu. Mama akakaanga maandazi yake nje, chini ya mabati ya jirani, na wateja wakamfuata huko huko.