Tusingoje Jibu la Maabara

Mbwa akiuma mtu kisha akafa, watu huulizana: Je, alikuwa na kichaa? Kwa macho tu huwezi kuwa na hakika. Jibu limo katika ubongo wa mbwa.

Kichaa cha mbwa huletwa na virusi, yaani vijidudu vidogo mno. Virusi hivyo humo katika mate ya mbwa mgonjwa. Akiuma, huingia kidondani. Hufuata mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo.

Maabara huvionaje? Mwili una askari wake. Huitwa kingamwili. Kila kingamwili humshika adui wake, kama ufunguo na kufuli lake. Wataalamu hupaka ubongo kidogo wa mbwa juu ya kioo. Huweka kingamwili inayoshika virusi vya kichaa. Kisha huosha kioo. Kama virusi havimo, kingamwili huondoka na maji. Kama vimo, hubaki imevishika. Halafu hutia dawa ya rangi. Penye virusi huonekana vidoa vyekundu katika hadubini.

Sisi wa Moa tunajua jambo hili baharini. Mvuvi halioni dema lililo chini ya maji. Huona boya. Rangi ile ndiyo boya.

Njia hii ilipimwa kwa ubongo wa wanyama wa kaskazini-magharibi ya Tanzania. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Haihitaji hadubini ya bei kubwa.

Lakini aliyeumwa asingoje jibu hilo. Dalili zikianza, mgonjwa hufa karibu kila mara. Chanjo ya mapema huokoa maisha. Ukiumwa, fanya hivi:

1. Osha kidonda mara moja kwa sabuni na maji mengi, kwa dakika 15.
2. Nenda zahanati siku ile ile. Kama chanjo haipo, utaelekezwa ilipo.
3. Maliza sindano zote ulizopangiwa, hata kidonda kikipona.
4. Mwarifu afisa mifugo. Usimkate mbwa kichwa wewe mwenyewe. Utaalamu huo ni wake.

Wenye mbwa, wachanjeni kila mwaka. Mbwa 7 katika kila 10 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea kijijini.

Maswali
1. Kingamwili hufanya kazi gani juu ya kioo?
2. Kwa nini aliyeumwa asingoje jibu la maabara?
3. Kidonda huoshwa kwa dakika ngapi?