Pikapu Mpya ya Kikundi Ikitetemeka, Tufanye Nini?

SHABAHA YA SOMO: Mwisho wa somo hili kila mwanakikundi, hata asiyejua kuendesha gari, aweze (1) kueleza gari linatetemeka wapi na wakati gani, (2) kukagua mambo madogo kabla ya kulipa fundi, na (3) kujua ni lini gari lazima lisimamishwe.



Vikundi vingi tunavyotembelea vina ndoto moja: kuwa na pikapu yao ya kupeleka maziwa, mboga au mahindi sokoni bila kumbembeleza mwenye gari. Wanachama huweka akiba miaka mingi, kisha huchukua mkopo. Siku gari linapofika Padre hulibariki, akina mama wanapiga vigelegele. Halafu wiki ya pili dereva anasema, "Hii gari ikifika themanini inatetemeka."

Hapo ndipo maneno huanza. Mmoja anasema dereva aligonga shimo akanyamaza. Mwingine anasema kamati ilikula pesa ikanunua gari bovu. Wengine wananong'ona juu ya jicho baya. Wakati huo wote gari linaendelea kubeba mizigo, na hakuna aliyeinama kutazama magurudumu.

Tukumbuke jambo moja: gari likianguka, deni halianguki nalo. Mkopo utadaiwa vilevile, na maisha ya mtu hayanunuliwi tena. Kwa hiyo tujifunze.

1. KWA NINI GARI JIPYA LITETEMEKE?

Kitu chochote kinachozunguka kwa kasi lazima uzito wake uwe sawa pande zote. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gurudumu la pikapu huzunguka karibu mara 10 kila sekunde. Sasa chukua tope la gramu 50 tu, kama kiganja kidogo cha unga, likauke ndani ya rimu upande mmoja. Kwa mwendo huo litavuta gurudumu kwa nguvu kama ya mzigo wa kilo 4, juu na chini, mara 10 kwa sekunde. Kwa kilomita 40 nguvu hiyo hupungua hadi kama kilo 1 tu. Ndiyo maana gari linaweza kuwa shwari kijijini na kutetemeka likifika barabara kuu.

Gari kuwa jipya si kinga. Gari huweza kukaa uwanjani kwa muuzaji miezi kadhaa bila kusogea, na tairi zikabonyea pale zinapokanyaga chini. Au tairi zilijazwa upepo mwingi kwa ajili ya safari ndefu, na hakuna aliyeupunguza wakati wa kukabidhi. Au balansi ya magurudumu haikufanywa vizuri. Au nati hazikukazwa sawasawa.

Kuna pia mtikisiko ambao si ugonjwa. Springi za nyuma za pikapu zimetengenezwa kubeba mzigo, kwa hiyo pikapu tupu hurukaruka. Na barabara ya murram yenye mawimbi hutikisa kila gari. Kabla ya kulalamika, jaribuni kwenye lami nzuri.

2. GARI LENYEWE LITASEMA

Mgonjwa akienda zahanati akasema tu "naumwa", daktari atamuuliza: wapi, na tangu lini? Na gari ni vivyo hivyo. Dereva aende na mwanakamati mmoja, kwenye barabara iliyonyooka, tambarare, isiyo na watu wala magari mengi, bila kupita mwendo unaoruhusiwa. Mwanakamati aandike majibu ya maswali haya:

(a) Nini kinachotetemeka? Usukani ukitetemeka mikononi, shuku magurudumu ya mbele. Kiti na sakafu vikitetemeka, shuku magurudumu ya nyuma au propela.

(b) Kwa mwendo gani? Mtikisiko unaoanza kama kilomita 80 na kuongezeka mara nyingi ni balansi au tairi. Propela huzunguka haraka zaidi, karibu mara nne ya gurudumu, kwa hiyo mara nyingi husikika kama mvumo chini ya miguu kuliko kama mtikisiko.

(c) Ni wakati wa kushika breki tu? Basi angalieni diski za mbele au ngoma za breki za nyuma. Diski zenye moto zikimwagiwa maji baridi mtoni zinaweza kupinda. Gari lipoe kwanza ndipo lioshwe.

(d) Ni wakati wa kuondoka tu, hasa na mzigo? Shuku klachi, krosi za propela, au ile beringi inayoshika propela katikati kwenye pikapu ndefu.

(e) Je, ni injini? Gari likiwa kwenye mwendo unaotetemeka, dereva akanyage klachi na kutoa gia kwa muda mfupi tu. Mtikisiko ukiendelea vilevile, chanzo ni magurudumu au propela. Ukikoma, chanzo kiko upande wa injini, klachi au krosi. Baadaye, gari likiwa limesimama na halina gia, kanyaga mafuta polepole. Likitetemeka hata hapo, ni injini au raba zinazoishikilia.

ANGALIO: Jaribio hili lisifanywe kwenye mteremko, wala injini isizimwe gari likiwa kwenye mwendo. Injini ikizimwa usukani huwa mzito, breki hupoteza msaada wake, na ufunguo ukizungushwa zaidi usukani unaweza kujifunga.

3. MNAYOWEZA KUKAGUA WENYEWE

Kwa kazi hii mnahitaji kipimo cha upepo, spana ya magurudumu, jeki, mawe mawili ya kuzuia gari na fimbo iliyonyooka.

Kwanza, tope. Tazameni upande wa ndani wa kila rimu, si upande wa nje unaong'aa. Kwangueni tope lote na mwoshe. Tazameni pia propela: tope, kipande cha gunia au kamba ya katani iliyojizungusha hapo inatosha kuleta mtikisiko.

Kikundi kimoja kilikuwa tayari kumfukuza dereva wake kijana. Mtikisiko ulianza siku aliyopeleka mzigo peke yake wakati wa mvua, na wazee waliona huo ni ushahidi. Kumbe ni udongo mweusi uliokuwa umegandamana ndani ya rimu mbili za mbele. Ulitolewa kwa kisu na ndoo moja ya maji, na kijana akabaki kazini.

Pili, upepo. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Mara nyingi mbele na nyuma si sawa, na gari tupu na lenye mzigo si sawa. Pimeni asubuhi kabla gari halijatembea, maanake tairi ikipata moto upepo huongezeka. Msitoe upepo tairi ikiwa moto, la sivyo ikipoa itakuwa na upungufu.

Tatu, nati za magurudumu. Zikazwe kwa msalaba: moja, kisha ile inayotazamana nayo, wala si kwa kuzunguka mduara. Kila gurudumu linapotolewa na kurudishwa, nati zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Michirizi ya kutu chini ya nati, au chuma kinachong'aa kuzunguka tundu, ni dalili kwamba zimelegea.

Nne, tairi. Pitisheni mkono taratibu mkitafuta uvimbe, mpasuko au mahali palipolika kuliko pengine. Tairi iliyobonyea kwa kukaa muda mrefu mara nyingi hurudi umbo lake baada ya mwendo wa wastani wa kilomita 20 au 30, ikipata joto. Isiporudi, mrudishieni muuzaji.

Tano, rimu. Wekeni breki ya mkono na mawe kwenye magurudumu ya nyuma, kisha inueni gurudumu moja la mbele kwa jeki. Simamisheni fimbo karibu na ukingo wa rimu, mzungushe gurudumu kwa mkono. Nafasi kati ya fimbo na rimu ikipanuka na kupungua, rimu imepinda. Mtu yeyote asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Sita, kubadilishana. Pelekeni magurudumu ya mbele nyuma, na ya nyuma mbele. Mtikisiko ukihama kutoka usukani hadi kiti, mmempata mwizi: ni tairi au rimu. Usipohama, tafuteni kwingine. Jaribio hili ni la jasho tu, halina gharama.

4. KAZI YA FUNDI

Yasipoisha, nendeni kwa mwenye mashine ya balansi. Yeye huzungusha gurudumu na kuweka vipande vidogo vya risasi upande ulio mwepesi. Mwambieni aoshe rimu kwanza, asije akapima tope pamoja na gurudumu. Msichanganye balansi na alaimenti. Alaimenti hunyoosha uelekeo wa magurudumu ili gari lisivute upande mmoja na tairi zisilike vibaya. Mara nyingi gari linalotetemeka huhitaji balansi, lakini wenye gari hulipia alaimenti na kurudi nyumbani nalo likitetemeka vilevile.

Propela, krosi na beringi ni kazi ya fundi anayejulikana. Propela ikifunguliwa, itiwe alama kwanza ili irudishwe jinsi ilivyokuwa. Ikigeuzwa, balansi yake inaweza kuharibika.

5. ONYO KUHUSU KUONGEZA SPRINGI

Kuna mazoea ya kununua pikapu mpya na siku hiyo hiyo kuipeleka iongezwe springi za nyuma ili ibebe magunia zaidi. Tufikirie vizuri. Gari likiinuliwa nyuma, propela hukaa kwa pembe tofauti na ile iliyokusudiwa na kiwanda. Krosi zinafanya kazi zikiwa zimepinda, mtikisiko unaanza, na krosi zinakufa mapema. Tena breki ni zilezile, rimu ni zilezile, na muuzaji anaweza kukataa dhamana kwa sababu gari limebadilishwa. Ni afadhali safari mbili.

6. LINI GARI LISIMAME?

Lisimame pale pale lilipo, hata kama ni siku ya soko na maziwa yataharibika, ikiwa:
- mtikisiko umeanza ghafla au unaongezeka haraka;
- kuna mlio wa kugongagonga au wa chuma kusaga chuma;
- gurudumu linacheza likishikwa juu na chini na kusukumwa;
- tairi ina uvimbe;
- nati imekatika au imelegea tena baada ya kukazwa.

Hasara ya maziwa ya siku moja inalipika. Kamati iandike kwenye kumbukumbu kwamba dereva ana ruhusa ya kusimamisha gari bila kuogopa kukatwa mshahara. Dereva anayeogopa ataficha ugonjwa wa gari.

7. DHAMANA NA HAKI YENU

Gari jipya huja na dhamana ya muda fulani au kilomita fulani, lolote litakalotangulia. Someni karatasi hiyo mkutanoni kwa sauti. Msifungue sehemu kubwa za gari kwa fundi wa nje kabla ya muuzaji kuliona. Pelekeni malalamiko kwa barua yenye tarehe, kilomita zilizosomeka, na yale majibu ya (a) hadi (e), nanyi mbaki na nakala. Ombeni fundi wao apande gari pamoja na dereva wenu. Neno "imetengenezwa" lisilo na karatasi msilikubali.

Katiba yetu ya mwaka 2010, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaofaa, na fidia kwa hasara inayotokana na bidhaa mbovu. Iko pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Mkikataliwa kabisa, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Lakini anzeni na mazungumzo ya heshima. Mtu mwenye kumbukumbu safi husikilizwa upesi kuliko mwenye kelele.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chetu, jambo likiharibika huwa tunatafuta chanzo au tunatafuta wa kulaumiwa?
2. Je, dereva wetu anaweza kusema "gari haliendi leo" bila kuogopa? Kama sivyo, tubadilishe nini?
3. Tumetenga pesa kiasi gani kila mwezi kwa tairi na matengenezo? Someni Luka 14:28-30, juu ya mtu aliyetaka kujenga mnara, mjadiliane.
4. Nani anatunza karatasi za gari, na nani mwingine anajua ziko wapi?

KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO: Nunueni daftari moja la gari. Kila Jumamosi watu wawili, mmoja wa kamati na mmoja asiye wa kamati, wakague tope, upepo, nati na tairi, kisha waandike na kutia sahihi. Ni kazi ya nusu saa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.