Geuza Mkebe, Usome: Jinsi ya Kukagua Vipodozi Kabla ya Kununua

Mnunuzi wa losheni au krimu ya uso huuliza bei na kunusa harufu. Wachache husoma maandishi madogo yaliyo nyuma ya mkebe, ilhali hayo ndiyo yanayoonyesha kinachopakwa kwenye ngozi.

Majina haya yalitoka wapi?

Maneno kama Aqua na Parfum ni sehemu ya orodha ya kimataifa iitwayo INCI. Ilianzishwa Marekani miaka ya 1970 na chama cha watengenezaji wa vipodozi, kilichoundwa mwaka wa 1894 na ambacho leo huitwa Personal Care Products Council. Kwa orodha hiyo, kiambato kimoja hubeba jina moja, mkebe uwe umetoka Nairobi au Paris. Aqua ni maji. Parfum ni manukato.

Hata hivyo, chama hicho ni cha wenye viwanda na hakikagui bidhaa zinazouzwa hapa nchini. Viwango vya ubora nchini husimamiwa na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS.

Mambo manne ya kukagua

1. *Mpangilio.* Kiambato kilicho kingi hutajwa kwanza. Krimu ikijinadi kuwa ya mshubiri, lakini jina Aloe Barbadensis liko karibu na mwisho, mshubiri uliomo ni kidogo.

2. *Sumu.* Epuka krimu au sabuni ya kuchubua ngozi yenye maneno Hydroquinone, Mercury, Mercurous Chloride au Calomel. Matatu ya mwisho yanahusu zebaki, ambayo huharibu figo. Mvuke wake unaweza kuwadhuru hata watoto nyumbani ambao hawajajipaka.

3. *Kilichofichwa.* Baadhi ya watengenezaji hawaitaji zebaki kabisa. Ukiona onyo kwamba krimu isiguse dhahabu, fedha au alumini, shuku kuwa ina zebaki. Mkebe usio na orodha yoyote, au krimu iliyochanganywa na muuzaji, usinunue.

4. *Alama ya ubora.* Kwa bidhaa za humu nchini, tuma SMS yenye SM# ikifuatwa na nambari ya kibali iliyo chini ya alama ya KEBS kwenda 20023. Linganisha jibu na jina la bidhaa uliyoshika. Bidhaa za kutoka nje huwa na kibandiko cha ISM.

Ikiwa umeshaitumia

Acha kujipaka, funga mkebe vizuri na uende nao kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Mweleze mhudumu umeitumia kwa muda gani. Mama mjamzito au anayenyonyesha asisubiri dalili. Usiutupe mkebe chooni wala kuuchoma. Mwonyeshe afisa wa afya ya umma wa eneo lako na umweleze ulikoununua, ili jirani yako asiuziwe krimu hiyo hiyo kesho.