Daktari na Kitabu cha Kuchekesha

Katika nchi ya Ujerumani, mjini Frankfurt, palikuwa na daktari jina lake Heinrich Hoffmann, aliyezaliwa mwaka 1809. Watoto wengi wagonjwa walimwogopa sana, kwa sababu wakubwa walizoea kuwatisha kwamba mtoto mtundu hupelekwa kwa daktari. Basi alipoingia mlangoni walilia na kurusha miguu, wala hawakukubali kuguswa.

Hoffmann hakuwakaripia. Alitwaa kipande cha karatasi na kalamu ya risasi, akamchora mvulana mdogo, huku akisimulia habari za mtoto asiyekubali kukatwa nywele wala kucha. Kadiri alivyosimulia, ndivyo alivyozidi kuzirefusha nywele na kucha zile, hata mvulana mwenyewe asionekane tena. Mgonjwa alistaajabu, akanyamaza, machozi yakakauka. Ndipo daktari alipopata nafasi ya kufanya kazi yake.

Hata mwezi wa Desemba mwaka 1844, Hoffmann alitaka kumnunulia mwanawe Carl, mwenye miaka mitatu, kitabu cha picha kiwe zawadi ya Noeli. Alitafuta madukani, asione ila hadithi ndefu na maonyo makavu yasiyomfaa mtoto mdogo. Basi akanunua daftari tupu, akaandika mashairi na kuchora picha kwa mkono wake mwenyewe. Rafiki zake walipokiona kitabu kile walikipenda, wakamsihi akitoe, na mwaka 1845 kikapigwa chapa. Baadaye kiliitwa Struwwelpeter, yaani Petro mwenye nywele matimutimu.

Hadithi za kitabu hicho zinapita kiasi, na ndiyo maana zinachekesha. Mtoto Kaspar, aliyekuwa mnene kama mpira, alikataa mchuzi wake. Siku ya nne akawa mwembamba kama uzi, na siku ya tano akafa. Mwindaji alilala usingizi juani. Sungura akamwibia miwani na bunduki, akamfukuza hata mwindaji akajitupa kisimani.

Iko na hadithi nyingine inayotaka kufikiriwa sana. Kijana mweusi alikuwa akitembea, na wavulana watatu wazungu wakamcheka kwa rangi yake. Mzee mrefu, Nikolas, aliwaonya waache, nao hawakusikia. Basi akawashika, akawatumbukiza katika kidau kikubwa cha wino, wakatoka weusi kuliko yule waliyemcheka.

Hapo mwandishi amenena kweli kwa upande mmoja: waliofanya dhihaka ndio waliochekwa, wala si yule aliyedhihakiwa. Lakini msomaji mwangalifu ataona kasoro pia. Weusi umefanywa kuwa adhabu, kana kwamba ni aibu. Wino ni doa, na doa huoshwa. Bali rangi ya mtu si doa, maana ni kazi ya Mwenyezi Mungu, naye hakosei. Wavulana wale walistahili kuchekwa kwa ubaya wa ulimi wao, si kwa weusi wa ngozi yao.

Kwa hiyo kicheko ni kama kisu. Mkononi mwa mpishi hukata mboga. Mkononi mwa mpumbavu hukata kidole. Uvivu, ukaidi na kiburi vichekwe, kwa sababu mtu aweza kuviacha. Rangi, kilema na umaskini visichekwe kamwe, kwa maana mwenye navyo hakuvichagua.

MASWALI

1. Kwa nini watoto walimwogopa daktari, naye aliwatulizaje?
2. Hoffmann alikosa nini katika vitabu vya madukani?
3. Katika hadithi ya wino, eleza lililo jema na lililo na kasoro.
4. Taja jambo moja lifaalo kuchekwa na moja lisilofaa, ukieleza sababu.