SOMO: KIPAJI CHA SAUTI
Matayarisho ya kijana anayetaka kujifunza muziki katika shule ya juu

Tangu Padri Gabriel Grison alipoanzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli karibu na Kisangani mwaka 1897, nyimbo za Kanisa zimesikika kando ya mto Kongo. Hata leo, katika vijiji vya kushuka mpaka Isangi, hakukosi kijana ambaye Mungu amemjalia sauti njema. Siku ya Dominika, wimbo ukipotea njia, yeye ndiye anayeurudisha. Watu humsifu, kisha humwambia: «Nenda mjini ukasome muziki.»

Shauri hilo ni jema, lakini lina hatari mbili. Kijana akienda bila matayarisho, atakataliwa na kurudi na aibu, na pengine hataimba tena. Asipokwenda kwa kudhani kwamba elimu hiyo ni ya watoto wa mjini tu, kipaji chake kitakufa kijijini. Basi somo hili laonyesha njia ya katikati, yaani kujiweka tayari.

1. Kipaji ni amana

Wakatekumeni wamesikia mfano wa talanta katika Injili ya Mathayo, sura ya 25. Mtumishi aliyefukia talanta yake hakuiba wala hakuipoteza. Aliogopa tu, akaiacha bila kazi. Sauti nayo hufukiwa kwa namna mbili. Mmoja huifukia kwa woga, akisema: «Mimi ni nani?» Mwingine huifukia kwa kiburi, akisema: «Nimekwisha kujua,» kwa sababu kijiji kizima humsifu. Wote wawili hawajifunzi. Aliyepewa sauti hana budi kuifanyia kazi, kwa kuwa si yake peke yake.

2. Sikio kwanza

Mwanafunzi wa muziki hujaribiwa sikio kabla ya kalamu. Mwalimu hupiga sauti moja au mbili kwenye kinanda, naye huziimba; hupiga mapigo kwa mikono, naye huyarudia bila kukosa.

Katika jambo hili kijana wa mtoni si maskini. Walokele wana lokole, ngoma ya gogo lililochongwa ndani, yenye midomo miwili: mmoja hutoa mlio wa juu, mwingine mlio wa chini. Kwa milio hiyo miwili wazee walipeleka habari za kifo, za safari na za mikutano kutoka kijiji hata kijiji. John Carrington, mmisionari wa Kibaptisti aliyefundisha Yakusu, alijifunza lugha hiyo ya ngoma na kuandika kitabu juu yake mwaka 1949. Alieleza kwamba maneno mengi hufanana milio; kwa hiyo mpigaji hatumi neno moja tupu, bali hulirefusha kwa maneno mengine mpaka maana yake iwe wazi.

Mtoto aliyezoea kusikiliza lokole amekwisha kuanza shule ya sikio. Na ajizoeze kila siku: asikie sauti, anyamaze kidogo, kisha aiimbe bila kuteleza. Apige mapigo manne sawasawa kwa mguu, huku akiimba juu yake, wala asiharakishe.

3. Kusoma nota

Zamani waimbaji wa Kanisa walijifunza kila wimbo kwa kusikia tu, nao walikaa miaka mingi wakiwa bado wanamtegemea mwalimu. Katika karne ya 11 mmonaki mmoja wa Italia, Gwido wa Arezzo, aliona shida hiyo. Alichukua utenzi wa Kilatini wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, ambao mistari yake sita ya kwanza huanza kila mmoja kwa sauti iliyo juu kuliko ya mstari uliotangulia. Silabi za kwanza za mistari hiyo akazifanya majina ya sauti: ut, re, mi, fa, sol, la. Baadaye «ut» ikawa «do», na «si» ikaongezwa. Hivyo mwimbaji aliweza kuimba wimbo asiopata kuusikia.

Ngazi hiyo ina hatua saba kutoka do mpaka do ya juu, lakini hatua hizo hazilingani. Kati ya mi na fa, na kati ya si na do, ni nusu hatua tu. Nyingine tano ni hatua kamili. Waimbaji wengi wa kijijini hupotea hapo hapo, wakipanda mno mahali penye nusu hatua. Yafaa kijana aimbe ngazi hiyo polepole asubuhi na jioni, akipanda na kushuka, kisha aruke: do mpaka mi, do mpaka sol. Akiweza hayo bila kinanda, na aanze kusoma mistari mitano ya nota katika daftari, wimbo mmoja kila juma.

4. Neno lisipotoshwe

Anayetunga wimbo wa Kanisa ni mtumishi wa neno. Katika Kilokele, neno moja «lisaka» lina maana tatu kwa kadiri ya kupanda au kushuka kwa sauti: silabi zote zikiwa chini, ni dimbwi la maji, silabi ya mwisho ikipanda, ni ahadi, mbili za mwisho zikipanda, ni sumu. Basi mtungaji asiyeangalia aweza kuwafanya watu waimbe sumu mahali pa ahadi!

Kiswahili nacho kina sheria yake, yaani mkazo huwa katika silabi iliyo kabla ya ile ya mwisho. Neno «barabara», likitamkwa kwa kawaida, ni njia. Mkazo ukirudi nyuma silabi moja, maana yake ni sawasawa. Kwa hiyo pigo zito la wimbo na liangukie mahali pa mkazo. Kijana asome kwanza maneno ya wimbo kwa sauti, bila kuimba, mpaka ayaelewe.

5. Mambo ya shule na ya nyumbani

Huko Kinshasa iko Taasisi ya Taifa ya Sanaa (Institut National des Arts), ambako muziki na michezo ya kuigiza hufundishwa. Anayetaka kuingia masomo ya juu katika nchi ya Kongo hana budi kuwa na Diploma ya Serikali, ambayo hupatikana baada ya mtihani wa mwisho wa sekondari. Kwa hiyo asiache hesabu wala Kifaransa kwa kisingizio cha kuimba.

Kutoka Kisangani mpaka Kinshasa kwa njia ya mto ni kilomita zipatazo 1,700. Safari hiyo yataka fedha, na mahali pa kukaa. Yafaa kijana aketi na baba na mama na wajomba mapema, aseme nia yake kwa heshima, wala asiwastukize. Wazazi wakihofu kwamba muziki wa mjini utampoteza mtoto wao, hofu hiyo isidharauliwe. Dawa yake ni mwenendo: mtoto mtiifu nyumbani hupewa ruhusa kwa moyo mweupe.

6. Asidharau wimbo wa kwao

Wengine hudhani kwamba kusoma nota ni kuacha ngoma. Sivyo. Mwaka 1958, huko Kamina katika Katanga, Padri Guido Haazen, Mfransisko, pamoja na waimbaji wake, walitoa Missa Luba, yaani maneno ya Misa kwa Kilatini yakiimbwa kwa namna ya Kiluba, pamoja na ngoma. Misa hiyo ilisikika mpaka Ulaya. Mwaka 1963 Mtaguso Mkuu wa Vatikano wa Pili, katika hati yake juu ya Liturujia, uliagiza kwamba muziki wa asili wa mataifa upewe heshima yake na nafasi ifaayo katika ibada. Na mwaka 1988 Roma ilikubali Misale ya majimbo ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule. Basi asomaye nota na azitumie kuandika nyimbo za wazee, zisizikwe pamoja nao.

Je, akijiandaa hivi na bado akakataliwa? Hakupoteza kitu. Kijiji kimepata mtu awezaye kusoma wimbo na kuwafundisha wengine. Huyo ametumia talanta yake, wala Bwana hatamwuliza habari za shule, bali habari za faida.

Maswali

1. Sauti hufukiwa kwa namna gani mbili?
2. Nusu hatua ziko wapi katika ngazi ya do?
3. Kwa nini mtungaji asome maneno kabla ya kuyaimba?
4. Missa Luba yatufundisha nini juu ya nyimbo za wazee?

Nia ya juma: Kila mkatekumeni ajifunze kwa mzee mmoja wimbo mmoja wa zamani, auimbe bila kosa, tena aulize maana yake.